Mashine Iliyochukia Biriani

Mkokoteni ulipokata kona kuingia uchochoroni, Nicanor aliitambua mashine kabla ya kumtambua aliyekuwa akiusukuma. Ilikuwa imelazwa juu ya gunia, kofia yake ya buluu ikiwa na mkwaruzo ule ule, na ilikuwa ikirudi kwake kwa mara ya tatu katika muda wa wiki nne. Alitamani kujikunyata nyuma ya pipa la maji mpaka mkokoteni upite. Lakini fundi hawezi kujificha katika karakana yake mwenyewe, tena karakana ambayo haizidi upana wa kitanda cha watu wawili, basi akafuta mikono kwa tambara na kusimama.

Aliyekuwa akisukuma ni Kazungu, nahodha wa boti ya Bi Hussaina. Waliamkiana, wakaulizana habari za nyumbani na za afya, kwa utaratibu wote, na muda wote huo mashine imelala kati yao kama mgonjwa ambaye hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumtaja. Hatimaye Kazungu akayasema yale yale ya juzi na ya juzijuzi. Jumamosi imechoka tena.

"Imechokea wapi?" Nicanor akauliza, ingawa alijua.

"Pale pale, fundi. Twakaribia daraja la Nyali, yaanza kulegea. Navuta resi yote, yalia tu, boti haiendi."

"Na kurudi?"

"Kurudi yaenda utadhani ni mashine nyingine."

Hapo ndipo akili ya Nicanor ilipogota kila mara. Mashine mbovu ni mbovu kwenda na kurudi. Hajapata kuona, katika miaka kumi na minane ya kufungua mashine za boti hapo Makadara, mashine inayougua asubuhi ikielekea upande mmoja na kupona mchana ikielekea upande wa pili, bila ya kuguswa na mtu.

Bi Hussaina, mwenye mashine, alikuwa mpishi wa harusi, na jiko lake liko Mji wa Kale. Ukialikwa harusini ukaambiwa biriani imetoka kwa Bi Hussaina, huli kitu nyumbani tangu jana yake. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka chakula ng'ambo kwa gari, na Jumamosi kwa Jumamosi foleni ya daraja la Nyali ilimfikisha wageni wakiwa wamekwisha kunawa mikono na mikono imekwisha kukauka. Mwaka jana akachoka. Akanunua boti ya faiba na mashine ya farasi kumi na tano, akamtwaa Kazungu awe nahodha. Sufuria zikawa zinateremshwa ngazi zilizo nyuma ya soko la samaki, zinapita chini ya daraja lile lile lililomtesa, na zinapandishwa Mishomoroni zikiwa bado zinafuka mvuke. Kila aliyekuwa na harusi upande ule alimtaka yeye. Halafu ndipo mashine ilipoanza visa vyake.

Mara ya kwanza Nicanor alibadilisha plagi na kusafisha kabureta. Mara ya pili alibadilisha mpira wa mafuta, chujio, na hata propela. Kila mara aliifunga kwenye ukingo wa pipa, akaiunganisha na tangi lake la karakana, akaivuta kamba. Ilinguruma mpaka jirani yake anayeuza mahamri akafunika vikombe kwa viganja. Hapakuwa na cha kulaumu. Ilikuwa mashine yenye afya kuliko fundi wake.

Aliuliza hata lile swali ambalo mtu huona haya kumwuliza nahodha mzima. Juu ya kifuniko cha tangi la mafuta kuna parafujo ndogo ya hewa. Ukiisahau imefungwa, tangi halivuti hewa, mafuta yanakwama, na mashine inaishiwa nguvu taratibu hadi inazima. Ni jambo la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kazungu nusura achukie. Alisema anaifungua kwa mkono wake, pale ngazini, kila safari, na yuko tayari kuapa. Nicanor alimwamini, na alikuwa na haki ya kumwamini, kwa sababu Kazungu hakuwa akisema uongo.

Basi huenda ni uzito, akajiambia. Kwenda wana sufuria zimejaa, kurudi zi tupu. Siku ya Jumanne akamwomba Kazungu apakie magunia sita ya mchanga, uzani wa chakula cha harusi au zaidi, aende nayo hadi upande wa pili wa daraja na kurudi. Yeye mwenyewe alisimama ngazini akitazama, jua likimchoma utosi. Boti ikaondoka ikiwa imezama hadi karibu na ukingo, ikapotea kwenye kona, na baada ya nusu saa ikarejea mbio, pua imeinuka, Kazungu akipunga mkono. Haikulegea hata mara moja.

Nicanor alikaa pale kwenye jiwe la ngazi akajaribu kufikiri. Mashine ina nguvu ndani ya pipa. Ina nguvu ikiwa na mchanga. Ina nguvu ikirudi tupu. Inakosa nguvu siku moja tu katika wiki, ikiwa na biriani. Kazungu, aliyekuwa akikunja kamba, alisema kwa sauti ndogo kwamba pale chini ya daraja pana mambo, na kwamba huenda hayataki harufu ya nyama. Nicanor ni mtu wa kanisani na hakutaka kuyasikia hayo, lakini alishangaa kujikuta akiyafikiria hadi alipofika nyumbani.

Usiku alimweleza mkewe, Mutanu, ambaye hufanya kazi katika ofisi moja ya bandarini na hupenda jambo liwekwe wazi. Mutanu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza mbona asipande mwenyewe kwenye boti hiyo siku ya Jumamosi, akaone. Nicanor akasogeza sahani yake kando, na Mutanu hakurudia swali, kwa maana sababu aliijua.

Nicanor, fundi wa mashine za boti, hakuwahi kupanda boti. Alizaliwa Kitui, na mito ya kwao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu ambao watu huufukua ili wapate maji. Alikuja Mombasa kufanya kazi katika karakana ya reli, na kazi ilipokwisha alichukua spana zake akafungua kibanda, akagundua kwamba mashine ni mashine, iwe ya reli au ya baharini. Ila maji hakuyaweza. Maji yasiyoonyesha chini yalimtisha. Na bahati yake, kazi yenyewe ilimstiri. Wenye boti hawaachi mashine majini zikaibwa, huzifungua kila jioni. Ikiharibika humletea fundi mashine peke yake, juu ya mkokoteni. Tangi linabaki kwa mwenyewe, boti inabaki ngazini, na Nicanor anabaki na pipa lake. Hakuna aliyewahi kumtaka aende mbali zaidi ya ngazi, na hilo alilificha kama mtu anavyoficha kwamba hajui kusoma.

Alhamisi Bi Hussaina akaja mwenyewe. Alikuja kwa tuktuk, akateremka polepole, akakataa kiti. Hakupandisha sauti, na afadhali angeipandisha.

"Fundi, mimi nawe twaheshimiana," alisema. "Wewe ndiwe ulonambia dawa ya ile harufu ya petroli, nami nikaifuata, na harufu ikaisha. Sasa hii ya nguvu yakushindaje? Jumamosi nina walima mkubwa Mishomoroni. Nimepeleka chakula kimepoa mara tatu, ya nne sitathubutu. Utapanda nasi uione kwa mato yako. Ikikushinda, Jumatatu naipeleka kwa fundi Imran kule Tudor, na wenzangu wa ngazini wataniuliza kwa nini, nami sitawaficha."

Nicanor hakukumbuka ni harufu gani. Huongea na watu wengi akiwa ameingiza kichwa ndani ya mashine, na maneno hupita. Kilichomkaa ni jina la Imran. Wenye boti wa pale ngazini hufuatana: mmoja akihama, wote wanahama, na hakuna atakayekuja kumwambia. Utakaa tu, mikokoteni itakata kona kwingine. Akasikia mdomo wake ukisema kwamba Jumamosi atakuwepo.

Ijumaa nzima alikuwa mtu wa ovyo. Alimfungia mteja plagi ya mashine ya mwingine. Alimwaga oili. Aliifungua mashine ya Bi Hussaina upya mpaka kwenye pistoni, akitumaini kwa mara ya kwanza maishani mwake kukuta kitu kimevunjika, akakuta kila kitu kizima kinang'aa. Akaifunga tena. Kama angekuta hata ufa mdogo angembusu mtu.

Jumamosi saa nne unusu alikuwa ngazini, jaketi la kuelea limekazwa mpaka shingoni. Watu wengine pale walikuwa wakifunga kamba na kupakua ndoo, na hakuna aliyemtazama sana. Kazungu aliunganisha mpira wa mafuta, akainama kwenye tangi, na mbele ya macho ya Nicanor akaizungusha ile parafujo ya hewa hadi ikafunguka. Nicanor aliona kwa hakika. Basi hilo nalo likafutwa kabisa. Sufuria nne za biriani na mbili za mchuzi zikapangwa katikati, vifuniko vimefungwa kwa vitambaa. Bi Hussaina akaketi juu ya ubao wa kati, tangi likiwa miguuni pake, mahali pekee lilipoweza kukaa bila kugusa sufuria. Kazungu akampa Nicanor mkono. Nicanor akaingia macho yamefumbwa nusu, akakaa alipoangukia, akashika mkono wa sufuria iliyo karibu kwa mikono yake yote miwili.

Boti iliondoka vizuri. Mashine iliimba. Nicanor aliisikiliza kwa masikio yote, kwanza kwa sababu ndiyo kazi, pili kwa sababu kuisikiliza kulimzuia asiyatazame maji. Hakusikia kosa. Nyumba za Mji wa Kale zikarudi nyuma, upepo ukapoa, na kwa dakika chache aliona kwamba huenda Mungu amekwisha kumhurumia na safari hii haitalegea. Halafu akaona kwamba isipolegea ni balaa zaidi, maana Jumamosi ijayo ataitwa tena.

Daraja likaonekana, magari yamejipanga juu yake bila kusogea. Na hapo ikaanza. Sauti ilishuka kidogo, kama mtu aliyemeza neno. Ikapanda, ikashuka tena. Kazungu akavuta resi, mashine ikalia, boti ikazidi kupunguza mwendo. Mkondo wa maji ukaanza kuwasukuma upande, kuelekea nguzo za daraja. Bi Hussaina aliweka kiganja juu ya kifuniko cha sufuria, kuona joto limebaki kiasi gani.

"Punguza resi," akasema Nicanor, na sauti yake ikatoka nyembamba. Alitafuta kwa macho ile pampu ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta, ambayo hubinywa kwa mkono kabla ya kuwasha. Ilikuwa imenyonywa, bapa. Basi mafuta hayaji. Mpira ni mpya, chujio ni jipya, hewa imefunguliwa na ameiona kwa macho yake ikifunguliwa. Mafuta hayaji, na hakuna sababu ya kutokuja. Akaufuata mpira kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka ulipopotea chini ya leso ya kujifunga.

Hakuwa ameiona leso ile. Pale ngazini haikuwepo. Ilikuwa imekunjwa vizuri mara mbili, ikafunika tangi lote, na juu yake imetulia miguu ya Bi Hussaina.

Ili kulifikia tangi ilimbidi aachie sufuria. Akaiachia. Akapiga magoti ndani ya boti inayoyumba, akamwomba Bi Hussaina radhi, asogeze miguu kidogo. Akaifunua leso. Tangi lilikuwa limebonyea mbavu, limenyonywa kwa ndani, na ile parafujo juu ya kifuniko ilikuwa imekazwa barabara.

"Mimi niliifungua," Kazungu akasema kutoka nyuma, akiwa ameduwaa. "Wallahi, umeniona."

"Nimekuona," Nicanor akajibu. "Ni nani ameifunga?"

"Mimi," akasema Bi Hussaina, kama mtu aliyeulizwa ni nani aliyefunika chungu. "Nikishakaa huifunga, harufu isiingie kwenye wali. Tukifika, chakula kikishuka, naifungua. Si ndivyo ulivonambia, fundi? Siku ile nilokuja kukulalamikia petroli. Ulinambia, ukiwa na chakula karibu ikaze hiyo parafujo, chakula kikitoka ilegeze."

Na hapo Nicanor akakumbuka. Alikuwa ameinama ndani ya mashine ya mtu. Bi Hussaina alisimama mlangoni akisema kwamba tangi, ambalo hulala jikoni kwake, hupelekwa ngazini katika tuktuk moja na chakula, na kwamba linanuka. Naye, bila hata kuinua uso, akamjibu maneno yale, neno kwa neno. Katika tuktuk yalikuwa maneno sahihi. Haikumpitia akilini kwamba ndani ya boti pia tangi na chakula hukaa pamoja, na kwamba mwanamke huyu hukaa kati yao. Angejuaje, naye hajapata kuuona ubao huu?

Akaizungusha parafujo. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, mbavu zake zikarudi nje kwa kishindo. Akaibinya pampu mpaka ikajaa, ikawa ngumu. Kazungu akafungua resi, na boti ikaruka mbele hata Nicanor akakalia mchuzi, kwa bahati ukiwa na kifuniko. Nguzo za daraja zikapita. Wakafika Mishomoroni biriani ikiwa ya moto kiasi kwamba wapokeaji walizishika sufuria kwa matambara.

Bi Hussaina alikuwa amekwisha kuelewa kabla hawajagusa nchi kavu. Nicanor alimngoja aseme. Alijiandaa kwa maneno makali, na alistahili. Bibi yule akafunga leso yake vizuri kiunoni.

"Lau ungepanda siku moja tu, fundi," akasema, "ungeniona nikiifunga."

Akaenda zake kusimamia sahani, na Nicanor akabaki ufukoni akiona aibu mpaka masikioni. Alikuwa amepanga kurudi kwa tuktuk, azunguke kwa juu ya daraja hata kama foleni itamla mchana mzima. Aliitazama barabara, akaitazama boti, akapanda boti.

Walikuwa wamekwisha kupita daraja, mashine ikienda bila tatizo lolote, Kazungu alipokohoa. Aliuliza awaambie nini watu wa ngazini, kwa kuwa wataulizia. Anaweza kusema ulikuwa uchafu katika mafuta. Mafuta ya siku hizi ni machafu, hakuna atakayebisha.

"Na la maji," Kazungu akaongeza bila kumtazama, "usijali, hilo halitasemwa."

"La maji gani?"

"Fundi, hilo twalijua kitambo. Ukija ngazini wasimama ngazi ya tatu, ya nne hushuki. Zaki, mwenzetu wa ngazini, alitaka kukwita upande botini mwake uone mashine yake yatoa moshi, sisi tukamkataza. Tukasema ni mtu wa heshima zake, yuwatutengenezea vizuri, tumstiri. Tukawa twakuletea."

Nicanor hakujua alitazame neno hilo kwa upande gani. Miaka kumi na minane alikuwa akiificha siri, na wao wakimsaidia kuificha, wakibeba mashine nzito kwenye jua ili yeye asiaibike. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Kwa heshima yao hakuna aliyemwambia apande, na kwa kuwa hakupanda, wiki nne nzima alikuwa akitafuta ugonjwa ndani ya mashine, na ugonjwa umetoka kinywani mwake. Akayatazama maji, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuelekeza macho.

Pale ngazini Zaki ndiye aliyedaka kamba. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakingoja, na mmoja akauliza ilikuwa nini. Kazungu akainama kukunja mpira wa mafuta.

"Mambo ya mafuta tu," akaanza. "Petroli ya siku hizi..."

"Ni mimi," Nicanor akasema. "Nilimwambia Bi Hussaina afunge hewa ya tangi. Mashine haikuwa na kitu. Mkosaji ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Zaki alimnyoshea mkono amvute juu, lakini Nicanor alikuwa bado amesimama katika boti, akimwuliza mashine yake ile inayotoa moshi iko wapi. Zaki akasema iko palepale, imefungwa kwenye boti yake, hiyo iliyo ubavuni. Jioni angeifungua aiweke mkokotenini amletee.

"Usiilete," Nicanor akasema.

Akaushika mkono wa Zaki kwa nguvu zake zote, akiwa bado na jaketi lake la kuelea, akavuka kutoka boti ile hadi boti ya Zaki, aione mashine humo humo majini.